Shati la Mikono Mirefu

Ukikaa na pasi mkononi miaka ishirini na miwili, unaacha kutazama watu usoni. Unatazama kola. Ndivyo alivyokuwa mtu wetu huyu, na ndiyo maana pale kwa dobi alikofanya kazi kila mtu alimwita Kola, kuanzia tajiri mwenyewe hadi mke wa muuza mkaa, aliyeleta mashuka yake mara moja kwa mwaka na kudai yarudi yakiwa mapya. Kwa kutazama shingo ya shati tu, Kola angeweza kukuambia kama mwenyewe amelala nalo, amegombana nalo au ameliazima. Lakini hakusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na ya shati anaijua mpiga pasi.

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya duka, na joto lake si la kusimulia. Boila la mvuke kona moja, meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka, ndoo ya wanga, na dirisha moja lililowekwa juu mno, kana kwamba aliyejenga aliogopa mtu asije akapumua. Kola alikipenda. Hoteli moja kubwa ilileta mashati ya wahudumu wake, mia na ishirini kila wiki, na meneja wa hoteli alishamwambia tajiri waziwazi: haya yapigwe na yule yule. Kwa mtu ambaye hajawahi kuitwa mbele ya watu apewe hata karatasi, maneno hayo yalikuwa cheti tosha.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Watoto walishaoa na kuolewa, akabaki yeye, mkewe, na mama mkwe, aliyehamia kwao miaka minne nyuma baada ya kufiwa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na kati ya sebule na chumba cha mama mkwe kulikuwa na pazia tu. Sasa, kuishi nyumba moja na mama mkwe si mchezo kwa mwanamume mwenye adabu zake. Wale wawili waliheshimiana mpaka wakawa hawasemeshani. Mama mkwe akiwa na neno alimpa binti yake: "Mwulize mumeo kama chai imetosha." Naye Kola, aliyeketi hatua tatu kutoka hapo, alingoja aulizwe rasmi ndipo ajibu: "Mwambie mama imetosha, tunashukuru."

Na shati halikuvuliwa. Joto liwe la namna gani, Kola alikaa kwenye sebule yake mwenyewe na shati la mikono mirefu, vifungo hadi shingoni, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Mambo yalianzia kwenye jino. Fizi ilivimba, shavu likajaa kama mtu aliyeficha limau mdomoni, akaenda zahanati. Akapewa antibayotiki, kapsuli ishirini na moja, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili, moja mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Alimeza kumi. Siku ya nne aliamka tumbo, mgongo na mapaja vimejaa mabaka mekundu yaliyovimba, yanayowasha hadi kwenye meno. Ukikuna hili, linahamia pale. Akarudi zahanati mbio.

Daktari, binti mmoja wa miwani asiyependa utani, alimtazama mara moja tu. "Acha hizo kapsuli leo hii. Una mzio nazo. Usizimeze tena maisha yako yote, wala dawa yoyote ya jamii yake. Safari hii ni ngozi, safari nyingine inaweza kuwa koo, na koo likifunga hatuongei tena." Akaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, akampa vidonge vya kutuliza muwasho. "Itakusumbua wiki mbili, tatu. Ikizidi sana, sita."

Kapsuli kumi na moja zilizobaki mkewe alizitoa chumbani siku hiyo hiyo zisimkae mumewe machoni, na hapo habari yake ikaisha. Au ndivyo walivyodhani.

Wiki ya kwanza Kola alijikuna mpaka ngozi ikachubuka na vidonda vikaanza kutoa maji. Habari ilivuka pazia, na kutoka nyuma ya pazia kikaja kichupa cha mafuta mazito, meupe. "Mpe mumeo ajipake," mama mkwe alimwambia binti yake. "Sisi tuliuguza ngozi kabla hawa madaktari hawajazaliwa." Tangu hapo kila jioni kichupa kilitoka nyuma ya pazia, kikapita mkononi mwa mke, kikafika chumbani. Mke alimpaka mgongoni, kwingine akajipaka mwenyewe. Mafuta yalipoza kweli. Kwa nusu saa Kola alikuwa binadamu tena, akamshukuru Mungu kwa kumpa mama mkwe wa namna ile. Asubuhi aliamka mwili mzima unawaka.

Wiki tatu zikapita. Sita zikapita. Vidonge vya zahanati vilimlaza usingizi akiwa amesimama, lakini mabaka hayakulala, yakashuka hadi mikononi. Akaacha mayai. Akaacha samaki, karanga, maziwa. Akabadilisha sabuni, kisha akaacha sabuni kabisa, na mkewe akavumilia kwa siku tatu kabla ya kusema ndoa nayo ina mipaka yake. Akatoa godoro nje, akalala kwenye sakafu ya saruji. Kila kitu alichokigusa alikigusa kwa woga, kama mwizi. Mtu unaweza kumkimbia mbwa, unaweza kumkimbia mdai, hata mke unaweza kumkimbia ukienda kwa ndugu yako siku mbili. Ngozi yako utaikimbilia wapi?

Na pale sebuleni ndipo palipokuwa jela hasa. Muwasho unapanda mgongoni, shati limebana, na mama mkwe yuko nyuma ya pazia anasikia kila kitu. Hawezi kuvua. Hawezi kujikuna kwa raha zake, maana kucha kwenye kitambaa zina sauti yake. Kwa hiyo alikuwa akijikuna huku anakohoa, ili kikohozi kifunike. Jioni moja sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwambie mumeo hicho kikohozi akiangalie." Mkewe alicheka hadi akaketi chini. Kola hakucheka. Alikuwa karibu kulia, na alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja.

Kazini nako mambo yaliharibika. Tajiri alikuwa mama mnene mwenye roho nzuri na mdomo usio na mlango.

"Kola, huo si upele wa kuambukiza?"

"Si upele, tajiri. Ni mzio. Daktari ameandika."

"Mimi najua. Hoteli inajua?"

Kwanza alimvalisha glovu. Kisha akamtoa kwenye meza ya pasi akamweka akunje mashuka, na pasi akampa Mrefu, mfua nguo, mtu mwema ambaye kola zake zilisimama kama masikio ya mbuzi. Hoteli ikarudisha mashati thelathini. Kola aliyaona yakirudi ndani ya kapu, akayafunua moja moja, na kila moja lilimuuma kuliko mabaka.

Ila kuna wiki moja alipumua. Ilikuwa wiki ya tano. Boila liliharibika, tajiri akafunga duka siku sita, na siku hizo hizo mkewe alikwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua. Kola akabaki nyumbani na mama mkwe, ambaye alimwachia chakula mezani na kurudi nyuma ya pazia kabla hajaingia. Siku ya tatu mabaka yakafifia. Siku ya tano akalala usingizi wa mtoto. Boila likapona, mke akarudi, na siku mbili baadaye mwili ukawaka upya.

Kola hakuwa mjinga, alijumlisha. Kazi ilipofungwa, alipona. Kazi ilipofunguliwa, akaugua. Basi ni kazi. Ni mvuke, au ni wanga. Hakumwambia mtu kwa muda mrefu, kwa sababu jibu hilo lilimtisha kuliko swali.

Alhamisi ya wiki ya tisa tajiri alimwita mbele, karibu na kaunta. Safari hii aliongea kwa sauti ya chini, na hapo Kola akajua maji yamezidi unga.

"Hoteli wananiambia wana dobi mwingine mkononi. Wanataka kola zao. Wewe huwezi kushika shati, Mrefu haliwezi. Kesho niambie moja. Ama unarudi mezani na mikono mizima, ama niajiri mpiga pasi mwingine. Sina la kufanya, ndugu yangu."

Akaenda zahanati moja kwa moja. Daktari wa miwani alimgeuza, akamtazama mgongo, akakunja uso. "Wiki tisa ni nyingi mno. Kapsuli ulishaacha. Kuna kitu bado unakutana nacho kila siku. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kitafute."

Kola akamweleza habari ya boila. Daktari akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi inawezekana ni huko kazini. Itabidi uache, angalau tuone."

Itabidi uache. Daktari aliyasema kama mtu anayesema fungua dirisha. Kola alitembea kwenda nyumbani jua la saa sita, akitunga barua kichwani. Mimi niliyetajwa hapo juu naomba. Alishindwa kufika mbele ya naomba. Aombe nini? Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikuwa anarudi nyumbani mchana, na njia nzima hakutazama kola ya mtu hata mmoja.

Mlango ulikuwa wazi. Mkewe alikuwa sokoni. Uani, kwenye kigoda, mama mkwe alikuwa ameketi na sinia mapajani, miwani ya kamba imeteleza hadi ncha ya pua. Kichupa kilikuwa wazi mbele yake. Kwa vidole vyake vilivyovimba viungo alishika kitu kidogo, akakizungusha, akakivuta pande mbili taratibu mpaka kikaachana. Unga mweupe ukamwagika ndani ya mafuta. Akagonga maganda kwa ukucha ili punje isibaki, kisha akakoroga kwa kijiti. Upande mmoja wa ganda ulikuwa mwekundu. Wa pili ulikuwa mweusi.

Kola alisimama pale mlangoni. Mama mkwe alipomwona alishtuka, akavuta kitambaa kufunika kichwa, akatafuta kwa macho mtu wa kupitishia maneno. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa ni yeye na mkwewe na kichupa.

"Mama," Kola akasema. "Hiyo ni nini?"

"Si ndiyo dawa yako, baba." Hakuinua macho, lakini alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyefumaniwa akitenda wema. "Walitaka kuitupa. Dawa nzima, ya kuua wadudu wa vidonda! Nikawaambia lete hapa. Walisema ukiimeza inakudhuru. Mimi mwenyewe tumbo langu halipokei vidonge, najua mateso hayo. Nikasema basi, kama haipiti mdomoni, itapita kwenye ngozi. Kila Alhamisi naweka moja. Ulibakiza kumi na moja. Leo ni ya tisa." Akafungua kitambaa kidogo kilichofundikwa kwenye pindo la nguo yake, akamwonyesha. "Mbili bado."

Kila Alhamisi. Kola alihesabu bila kutaka. Na ile wiki ya boila ikarudi kichwani, wiki ambayo mkewe hakuwepo, hivyo hapakuwa na wa kuvusha kichupa pazia. Haukuwa mvuke. Haukuwa wanga. Mikono iliyomtia jela wiki tisa ndiyo hii, na kila jioni alikuwa akiishukuru.

Hasira ilimpanda mpaka akaona giza. Alitaka kupiga kelele, alitaka kukipiga kichupa ukutani. Angekufa! Koo lingefunga jioni yoyote, na mke angebaki na chupa mkononi. Alifungua mdomo. Yule mwanamke alikuwa bado ameshika kapsuli mbili kwenye kiganja, amezinyoosha kwake kama mtu anayemwonyesha mtu akiba. Ukimwambia mtu wa umri ule kwamba wiki tisa alikuwa akimpaka mkwewe sumu, hatakula tena katika nyumba hiyo. Ataomba arudishwe kwao, na kwao hakuna mtu.

"Asante, mama," Kola akasema. "Nipe hizo mbili. Na mafuta pia nipe, leo nitajipaka mapema."

Akavimwaga vyote chooni. Kichupa akakiosha kwa maji ya moto, akanunua mafuta matupu dukani, akakijaza.

Jioni alimwambia mkewe, ambaye alilia, kisha akasimama aende nyuma ya pazia. Kola akamshika mkono. "Umkanye asifungulie mtu yeyote kapsuli tena, sema daktari amekataza. Zaidi ya hapo, wala usithubutu."

Kesho yake alifika kazini kabla ya tajiri. "Nimekipata," alimwambia. "Nipe wiki mbili. Mikono itakuwa mizima."

"Umekipata nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Tajiri hakuwa mtu wa kuambiwa nusu, angedhani ni uongo wa kununua siku. Ilibidi aeleze. Akaeleza kila kitu, kapsuli, mafuta, kila Alhamisi moja. Alibadilisha mtu tu. "Ni mimi mwenyewe. Nilifungua nikachanganya. Nilidhani kwenye ngozi haidhuru."

Tajiri alimtazama. Kisha akacheka, akashika kaunta, akacheka tena mpaka Mrefu akatoka ndani kuuliza kuna nini. "Huyu! Huyu mzee mzima! Daktari amemwandikia kwa wino mwekundu usiguse, yeye kaenda kujipakia! Tena kila wiki moja, kama mshumaa wa kanisani!" Akafuta machozi. "Wiki mbili, Kola. Nitawabembeleza hoteli. Lakini kaa ukijua, mimi sijawahi kuona kituko kama hiki."

Siku ya sita mabaka yakaanza kuzimika. Siku ya kumi na moja Kola aliamka akakaa kitandani kwa muda, akishangaa kwamba mwili haumwambii kitu. Siku ya kumi na tatu alivua glovu, akakamata pasi, akaweka shati la kwanza la hoteli mezani. Kola ya shati ilikaa sawasawa kwa pasi moja tu. Alilia kidogo, na mvuke ukamfichia machozi.

Lakini kicheko hakikuisha. Mdomo wa tajiri ulishaitoa habari nje ya duka. Wateja waliingia wakiuliza, "Yuko wapi daktari wa ngozi?" Mrefu alimpelekea wanga akisema, "Angalia usijipake." Mtu aliyejenga heshima kwa miaka ishirini na miwili akawa kichekesho cha kaunta, na hakuwa na jibu, maana jibu lilikuwa nyuma ya pazia. Akainama akapiga pasi. Alitoka jela moja akaingia nyingine, ila hii angalau haikuwasha.

Aliyefikisha maneno nyumbani alikuwa mke wa muuza mkaa. Alipita siku moja kumwamkia mama mkwe, akaketi uani, akamsimulia kichekesho chote mwanzo hadi mwisho akiwa anajipiga mapaja: mkweo, ati kafungua kapsuli alizokatazwa na daktari, kila Alhamisi moja, kamimina kwenye mafuta, kidogo ajiue, na kasema kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya tajiri. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, duka la dobi liko mtaa gani.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, Kola alisikia mbele kumenyamaza ghafla. Akachungulia kupitia mlango wa chumba cha pasi. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya duka, amevaa nguo yake ya msibani, nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, kichupa mkononi. Kwa miaka minne hakuwahi kuvuka kona ya mtaa wao.

"Shikamoo," tajiri akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye tajiri?" Akaweka kichupa juu ya kaunta. "Nimesikia mnamcheka mkwe wangu. Hizo kapsuli hakufungua yeye. Nilifungua mimi, kwa mikono hii. Yeye alikuja kunikuta, akaniambia asante." Akakisukuma kichupa mbele. "Nilikuwa namuua, naye ananiambia asante, mama. Sasa mkitaka kucheka, mimi hapa."

Hakuna aliyecheka. Mrefu alitazama viatu vyake. Tajiri akazunguka kaunta akamletea kiti. Mama mkwe hakukikalia.

Kola alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na jasho linamchuruzika, shati limemganda mgongoni, vifungo hadi shingoni kwa sababu alikuwa ameshavizoea. Walitazamana.

"Baba," mama mkwe akasema, moja kwa moja, bila kumpitishia mtu. "Ile nyumba ni yako. Joto likizidi, vua shati."